Namba ndogo haziguswi

Wiki hii kila jioni nakaa na binti wa dada yangu hapa Ligula, Mtwara, yuko form three na kemia inamsumbua, hasa kubalansi ikwesheni, yaani kufanya atomu za kila aina zilingane pande zote mbili za mshale. Hatua zote kazikariri ila zinatoka wapi hajui, na hilo linaniuma kwa kweli, maana watoto wengi wanafundishwa hivohivo, wanapewa kanuni alafu haya, fanya swali la kwanza mpaka la kumi.

Jana tulianza na maji. Kaandika H2 + O2 → H2O, kaona oksijeni kulia imepungua, basi akachomeka ka-2 chini ya O. Ikawa H2O2 na hesabu ikakubali kabisa, mbili mbili pande zote! Nikamwambia mwanangu, hesabu iko sawa ila hayo sio maji tena, hiyo ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda wanayouza famasi, utakunywa hiyo? Akaishika kalamu akaiangalia ile 2 muda mrefu. Namba ndogo ndo kitu chenyewe, ukiigusa umebadilisha kitu, sisi tunaruhusiwa kuongeza idadi tu kwa namba kubwa ya mbele. Akafuta, akaandika 2H2 + O2 → 2H2O.

Leo tukaja kwenye gesi yetu, hii ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, ambayo sehemu kubwa ni methani. Ikiungua ni CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O, kaibalansi mwenyewe bila kuuliza. Alafu akauliza swali zuri sana, "Mjomba, kwani lazima zilingane?" Lazima, kwa sababu moto hauli atomu, unazipanga upya tu, mwanakemia Lavoisier kule Ufaransa alilipima hilo kwa mizani miaka ya 1700, vilivyoingia na vilivyotoka uzito uleule.

Ithani, gesi nyingine inayoungua, ndo ilitukalisha. C2H6, kaboni zikakaa, haidrojeni zikakaa, oksijeni ikadai 7 upande mmoja na zenyewe zinatembea mbilimbili, kwahiyo ikaja 3.5. Akakwama, nikanyamaza makusudi. Baadae kidogo akazidisha zote kwa mbili, 2C2H6 + 7O2 → 4CO2 + 6H2O, akahesabu kwa kidole atomu moja moja mpaka mwisho, alafu akaomba nyingine. Nimemuachia propani na butani, zile za kwenye mtungi wa jikoni, butani itamsumbua kama ithani ila njia anaijua.