Nazi ya Tanga, parachichi la Njombe: nilivyozinusuru nywele zangu

Nilipopangiwa kufundisha Njombe, nilitoka Tanga na chupa mbili za mafuta ya nazi aliyonipikia bibi. Wiki ya kwanza ya Juni niliamka nikakuta yameganda chupani, meupe kama mshumaa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huku kipupwe kikishika asubuhi huwa chini ya nyuzi 10. Niliyachokoa kwa kijiko, nikapaka mapande kichwani, nikafunga kilemba nikaenda kazini.

Jioni nilipochana, chanuo lilijaa vipande vifupi vifupi vya nywele. Niliviweka juu ya karatasi nyeupe nivitazame vizuri. Unywele uliong'oka wenyewe huja na kidoto cheupe upande mmoja, pale ulipokuwa umeshika kwenye ngozi. Huo muda wake umeisha, wala hauna shida. Vyangu havikuwa na kidoto. Vilikuwa vinakatikia katikati.

Chanzo nilikijua. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimeacha kuweka dawa, lakini sikuthubutu kunyoa. Kwa hiyo juu zilikuwa za kipilipili, chini zimenyooka kwa dawa ya zamani, na pale zinapokutana ndipo palipo dhaifu kuliko kote. Ongeza rasta nilizosukwa kwa kuvutwa mpaka macho yakatoa machozi, zikaniondolea nywele za pembeni upande wa kushoto. Saluni niliyokuwa nakwenda walinishauri stimingi, yaani kutibu nywele kwa mvuke, kila baada ya wiki mbili. Nilifanya mara tatu, nikaona mshahara wa mwalimu hautoshi.

Nikampigia bibi. Baada ya shikamoo na habari za baridi nikamweleza. Akaniuliza, "Unapaka mafuta juu ya nini?" Nikamwambia juu ya nywele. "Kavu?" Kavu. Akasema, "Mafuta ni kifuniko, mjukuu wangu. Umefunika chungu kitupu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifundisha kazi yote iliyofuata. Nywele zetu hujikunja kuanzia kwenye shina, kwa hiyo mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayateremki kufika nchani kama yanavyoteremka kwenye nywele zilizonyooka. Ncha hubaki kavu, zikisuguana na kilemba, sweta na mto wa kulalia. Kupaka mafuta juu ya ukavu ni kuufungia ukavu ndani. Kwanza zipate maji na kitu cha kuzilainisha, mafuta yaje mwisho.

Dawa ya bibi ni kasimile. Unakuna nazi kwenye mbuzi, unakamua kwa maji kidogo sana kwenye kifumbu, unaliacha tui zito litulie mpaka utando wa juu uwe mzito wa kuchoteka. Utando huo ndio unaopakwa, ukichanganywa na ute wa shubiri mbichi. Kwa Tanga hiyo ni kazi ya nusu saa. Njombe nazi zinakuja kwa malori kutoka pwani, bei juu, na mara mbili nilivunja nikakuta imeoza. Lakini mama mwenye nyumba wangu ana miparachichi sita nyuma ya jiko. Njombe parachichi linalimwa mpaka linasafirishwa nje ya nchi. Siku aliyonisikia nalalamikia nazi alinijazia ndoo ndogo, akasema, "Mwalimu, kila mtu apake cha kwao. Wewe sasa uko huku."

Mara ya kwanza niliharibu. Nililiponda parachichi kwa uma, nikaona limelainika, nikapaka. Wakati wa kusuuza maji yalipita juu tu, chembe zikabaki zimejishika katikati ya mikunjo, zikakaukia humo. Nilikaa mpaka usiku nikizitoa moja moja kwa kucha, na kila nilipovuta nikakata nywele nyingine. Huu ni uharibifu ambao watu hawauzungumzii wanaposifia vitu vya asili: chembe ya parachichi, ya ndizi au chicha la nazi likibaki kichwani, madhara yake ni makubwa kuliko faida ya ulichopaka. Ndizi nimeiacha moja kwa moja. Hata ukiisaga, ina nyuzi.

Sasa nasaga kwenye blenda dakika tatu nzima, kisha napitisha kwenye chujio la chai kwa kusukuma na mgongo wa kijiko. Kinachobaki juu ya chujio natupa. Kabla ya kupaka nachukua kidogo, nakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikihisi punje hata moja, kinarudi kwenye chujio. Kinatakiwa kiwe kama uji wa mtoto anayeanza kula, kinachoteleza bila kudondoka.

Kwa nywele zangu, ambazo sasa zikivutwa zinafika shingoni, natumia nusu ya parachichi lililoiva sawasawa, vijiko viwili vya chakula vya mtindi usio na sukari (au kasimile nikipata nazi nzima), kijiko kimoja cha asali, na kijiko kimoja cha mafuta ya bibi. Mafuta nayayeyusha kwa kuisimamisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto, siyaweki jikoni. Asali nimeiweka kwa sababu hushika maji, lakini ikizidi nywele zinanata, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha. Mafuta ya nyonyo nilijaribu kuchanganya humo. Ni mazito mno, kuyatoa kulihitaji shampuu mara mbili, na hapo ndipo faida yote ilipoondoka. Kama unayo, pakaa kidogo nchani baadaye.

Yai nalo lina hadithi yake. Kila mtu aliniambia yai ni protini, na nywele ni protini, kwa hiyo zilishwe mayai. Nilipaka yai zima na mtindi. Kwa baridi ile nilikuwa nimechemsha maji ya kuoga, sikuyapoza vya kutosha, nikamwaga kichwani. Yai likaiva. Lilishika kwenye nywele kama vipande vyeupe vya supu, na kulitoa kulinichukua jioni nzima na nusu chupa ya shampuu. Nilirudia baadaye kwa maji ya baridi, wiki tatu mfululizo, na wiki ya tatu nywele zikawa ngumu kama ufagio wa chelewa, nikizikunja zinavunjika. Nilivyoelewa baadaye ni kwamba protini ya yai ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele. Inabaki juu kama utando, na utando ukirundikana unaondoa ulaini. Wapo wanaonufaika nalo, hasa wenye nywele zilizolegea sana kwa dawa au rangi, lakini wasilipake kila wiki. Mimi sipaki tena.

Kwa mafuta ya nazi bibi alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha utafiti waliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea kwenye nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha, kwa sababu asidi ya lauriki iliyomo ina umbo jembamba lililonyooka linalopenya ndani. Niliposoma hayo nikaongeza hatua moja: usiku wa kuamkia siku ya kuosha nazipaka nywele mafuta kidogo yaliyoyeyushwa, nalala nayo. Hayo si kifuniko, ni ya kuzilinda zikioshwa.

Jumamosi naanza saa nne asubuhi, jua likishapanda, maana kukaa na kichwa kibichi saa moja asubuhi Njombe ni kujitafutia mafua. Naosha kwanza kwa shampuu, kwa sababu uchafu na mafuta ya wiki nzima huzuia kitu chochote kushika. Nakamua maji kwa fulana kuukuu ya pamba. Taulo lina vinyuzi vinavyovuta nywele. Nagawa mafungu manane. Kila fungu nalipaka kuanzia nchani, kisha katikati, na mwisho karibu na ngozi kidogo tu. Wakati huo natenganisha mafundo kwa vidole, si kwa chanuo. Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii: fundo ambalo likiwa kavu lingekatwa kwa mkasi, likishapata parachichi unalisikia likilegea lenyewe chini ya kidole, nywele moja inateleza, ya pili inafuata, halafu lote linaachia. Nikimaliza fungu nalifunga butu, nahamia jingine.

Juu navaa mfuko wa mkate. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, ule wa mkate ndio uliobaki nyumbani, nao unatosha kichwa barabara. Juu yake kitenge, na juu ya kitenge taulo nililolianika juani likapata moto. Dakika 30 hadi 40, basi. Niliwahi kulala nayo nikidhani ndiyo itaingia zaidi. Niliamka kichwa kinawasha na mchanganyiko umechacha. Ni chakula, na chakula huharibika. Kwa sababu hiyo hiyo sitengenezi cha kuweka akiba. Kikibaki, nampa jirani yangu siku hiyo hiyo, au napaka kwenye visigino.

Nasuuza kwa maji ya uvuguvugu, ndoo mbili, nimeinama, mabutu yakiwa bado yamefungwa nusu ili yasijisokote upya. Nywele zikiwa bado na unyevu ndipo napaka mafuta, kile kifuniko cha bibi, kisha nasuka twende kilioni isiyokazwa.

Limau nimelitoa kwenye orodha, linachoma ngozi. Na kitu chochote kipya nakipaka kwanza ndani ya kiwiko nikasubiri mpaka kesho yake. Binti mmoja hapa alipaka mdalasini moja kwa moja akatoka vipele mpaka shingoni.

Miezi mitatu ya mwanzo sikuona urefu wowote, na nataka hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu nilitaka kukata tamaa. Mchanganyiko huu hauoteshi nywele. Nilichoona ni karatasi nyeupe: vipande vilipungua, kila Jumamosi vichache kuliko iliyopita. Ulipofika mwezi wa nne tangu nianze, nilikata sehemu yote iliyobaki ya dawa, na tangu hapo ndipo urefu ulipoanza kuonekana.

Desemba nilirudi Tanga na kikapu cha parachichi. Bibi alinikalisha kwenye mkeka, akafumua, akapitisha vidole kuanzia kisogoni. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, halafu akaleta mbuzi na nazi, tukakamua kasimile pamoja na nusu ya parachichi langu. Upande wa kushoto pembeni bado ni haba. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akasema hapo pasisukwe mpaka Ramadhani, nami sijasuka hapo.