Hedifoni za ohm 250 zilikuwa na sauti hafifu, sasa zinaimba

Nimehangaika miezi miwili, naandika ili mwenzangu usirudie. Nilinunua hedifoni za mtumba, nzuri mno, lakini kwenye simu sauti ilikuwa hafifu. Nikiwa Kirumba na feni ikiwaka, besi haisikiki kabisa.

Nilijaribu programu ya kuongeza sauti: ikakwaruza. Nikabadilisha waya, hakuna kitu. Nikanunua amplifaya ndogo iliyoandikwa miliwati 100. Ikaongeza kidogo tu, nikakata tamaa.

Jibu lilikuwa kwenye maandishi madogo ya boksi: miliwati 100 "kwa ohm 32". Ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na hedifoni zangu ni ohm 250! Kwa ukinzani mkubwa hivyo kinachohitajika zaidi ni volti. Piga hesabu (volti mara volti, gawa kwa ohm, unapata wati): miliwati 100 kwenye ohm 32 ni kama volti 1.8. Volti hizohizo kwenye ohm 250 zinatoa takriban miliwati 13 tu. Kwa hiyo usimuulize muuzaji "ina wati ngapi?" Muulize inatoa volti ngapi, au miliwati ngapi kwa ohm za hedifoni zako.

Niliuza ile ya kwanza, nikaongezea kidogo, nikapata amplifaya iliyotumika inayotoa volti 4. Nilipandisha sauti ya simu karibu na mwisho, nikaweka swichi ya geini (kiwango cha kukuza sauti) juu, kisha nikazungusha kitufe cha sauti cha amplifaya polepole kutoka sifuri (linda masikio yako, tafadhali). Sijafika hata nusu, na gitaa la besi la rumba nalisikia uzi kwa uzi.