Daraja la Leverkusen na alama za uzito ambazo kila dereva Ujerumani azijue

Ndugu zangu mnaoendesha malori na vani Ujerumani, lijueni daraja la Leverkusen. Linavusha barabara kuu ya A1 juu ya mto Rhine, kaskazini mwa Köln, jirani na viwanda vikubwa vya kemikali. La zamani lilifunguliwa mwaka 1965. Mwaka 2012 magari ya zaidi ya tani 3.5 yalizuiwa kwa miezi kadhaa, na mwaka 2014 yakazuiwa moja kwa moja.

Kilicholimaliza ni ekseli nzito, wala si wingi wa magari madogo. Sakafu yake ilikuwa bamba la chuma lililochomelewa juu ya mbavu. Gurudumu likipita, bamba hupinda kidogo na kurudi, na ufa huanzia penye kiungo kilichochomelewa. Wahandisi hukadiria kwamba madhara hukua kwa kipeo cha nne cha uzito: ekseli moja ya tani 10 huchosha barabara sawa na ekseli 10,000 za tani 1. Mafundi walichomelea nyufa, lakini joto la kuchomelea nalo huacha mkazo ndani ya chuma, na nyufa mpya zikatokea.

Kwa kuwa malori yalizidi kupita licha ya alama, mwaka 2016 viliwekwa vizuizi. Lori lilipogunduliwa, taa iliwaka nyekundu, kizuizi kilishuka, lori lilitolewa pembeni, na wote waliokuwa nyuma walisubiri. Lori moja tu lilitosha kuzua foleni.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Alama ya duara jekundu yenye picha ya lori huangalia uzito wa juu unaoruhusiwa, ule ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Ikizuia zaidi ya tani 3.5, lori tupu la tani 7.5 halipiti. Alama yenye namba ya tani pekee huangalia uzito halisi wa wakati huo, kwa hiyo pima mzigo kabla ya kutoka. Tumia ramani ya malori, kwa sababu ya magari madogo haijui vikomo hivi, na ukishaingia barabara kuu huwezi kugeuza.

Tangu Februari 2024 daraja jipya la kwanza linatumika na malori yanapita tena. Mahali pa la zamani ni pa daraja jipya la pili, litakalosimama sambamba na hilo la kwanza. Wakati wa marufuku, njia za kuzungukia zilikuwa A4 kupitia Rodenkirchen upande wa kusini, au A46 kupitia Düsseldorf.