Msimwite kwa jina la baba yake: venye tulitambulisha walimu wageni chuoni kwetu

Nafanya kazi kwa ofisi inayoshughulikia walimu na wanafunzi wa kutoka nje, kwa chuo kimoja hapa Nairobi, na kila mwaka mpya wa masomo ukianza mimi ndiye nabebeshwa shughuli ya kutambulisha walimu wageni. Mtu akiskia anaona ni kazi ya dakika kumi, unashika maiki, unasoma majina, watu wanapiga makofi mnaenda chai. Ata mimi nilidhani ivo. Naandika hii kwa sababu najua kuna wengine wako kwa dawati kama langu na hakuna mtu amewahi kuwafunza hii kazi, unapewa tu faili na tarehe.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na walimu saba: wawili wa Uganda, mmoja Ethiopia, mmoja Kamerun, mmoja Ujerumani, mmoja Uchina na mmoja wa India. Niliwaandikia imeili wote wanitumie wasifu na picha, nikapanga kijitabu kizuri cha rangi, nikampa mkubwa wetu asome. Akasoma. Digrii ya kwanza wapi, ya pili wapi, uzamivu mwaka gani, makala ngapi, mpaka ikafika dakika arobaini na tano na bado tuko mtu wa nne, ukumbi umejaa joto, wanafunzi wa nyuma wote wameinamia simu. Walimu wenyewe walikuwa wamekaa pale mbele kama watu wanasomewa mashtaka.

Lakini hiyo si ndio iliniuma. Iliyoniuma ni ya yule mwalimu wa Ethiopia. Tukamwita "Daktari" alafu jina lake la mwisho, kwa kijitabu, kwa maiki, ata kwa kibao cha mlango wake. Wiki nzima. Siku ya tano akaja ofisini na hicho kijitabu, akakifungua pale kwa ukurasa wake akaweka kidole juu ya jina, akaniambia polepole, bila hasira, "Dada, huyu mnayemwita ni baba yangu. Alishafariki. Mimi ni huyu wa kwanza." Nilikosa pa kuangalia. Wao hawana jina la ukoo kama sisi, jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na heshima yote inaenda kwa jina lako mwenyewe, ndio maana waziri mkuu wao wanamwita Dr. Abiy na sio Dr. Ahmed. Na sisi Wakenya ndio tungejua hii kuliko watu wote! Ni nani hapa hakumbuki Olimpiki ya Sydney 2000, ile mita elfu kumi Paul Tergat wetu alipoteza kwa Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sekunde 0.09? Watangazaji wakisema Gebrselassie, Gebrselassie, na kumbe hilo ni jina la mzee, Waethiopia wenyewe walikuwa wanashangilia Haile.

Akanionyesha na kosa lingine. Barua ya kazi yake ya kwanza ilikuwa na mwaka 2002, mimi nikaweka 2002 vile ilivyo. Kumbe ni kalenda yao, iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba ama nane kutegemea mwezi, mwaka wao mpya unaanza Septemba, kwa hivyo 2002 yao ni kutoka Septemba 2009 hadi Septemba 2010 kwetu. Kijitabu changu kilikuwa kinasema alianza kufundisha akiwa kijana hajamaliza shule.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza wengine mmoja mmoja, na kila mlango niliobisha nikapata kitu. Yule wa Uchina tulikuwa tumemgeuza, kwao jina la ukoo ndio linatangulia, sasa kuna mtu kwa ofisi alipanga majina akalipeleka la ukoo nyuma na mwingine akalirudisha mbele, mwisho kwa karatasi tatu tofauti alikuwa watu watatu. Yule wa takwimu anatoka Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India, na sisi hapa tumezoea Wahindi wa Parklands ambao wana jina la familia kama Patel ama Shah, kwa hivyo tukatafuta la kwake tukakosa, tukaandika ile herufi moja iliyoko mbele kana kwamba ndio jina, na hiyo herufi ni kifupi cha jina la baba yake. Wa Kamerun tulimsalimia kwa Kifaransa mbele ya watu. Yeye ni wa Buea, upande wa Kiingereza, na mtu anayefuatilia habari za huko tangu 2016, ule mgogoro wa upande wa Kiingereza na serikali, anajua hilo si jambo la kuchezea. Alitabasamu tu. Bado nikikumbuka naskia vibaya.

Alafu kuna mama mmoja wa Gulu, kule Uganda, anafundisha fasihi. Yeye na mwenzake wa Kampala hawakuwekwa kwa viti vya mbele na hawakupewa maua, kwa sababu mtu fulani kwa kamati alisema "hao si wageni, hao ni majirani." Mjerumani alipewa maua, na gari ilitumwa uwanja wa ndege, JKIA. Hao wawili walikuja na basi usiku kucha kupitia Busia, wakachukua teksi wenyewe mpaka chuoni. Huyo mama aliniuliza swali moja tu, "Kwani mimi ni mgeni ama si mgeni? Kama ni mgeni nikaribishe, kama ni wa nyumbani nionyeshe jikoni." Hakuwa amepata lolote kati ya hayo mawili. Hakuna mtu alikuwa amemwonyesha ata mahali pa kupata funguo ya ofisi.

Hapo ndio nikaamua mwaka unaofuata, na wale wale saba, nafanya kivingine, ata kama nitafanya peke yangu.

Kitu ya kwanza niliacha kuomba wasifu. Namaanisha unahitajika kwa faili na kwa mambo ya permiti, lakini si wa kusomea watu. Nilienda kwa kila mwalimu mgeni, dakika ishirini, chai na mandazi pale kantini, na maswali matatu. Mwanafunzi akikutana na wewe kwa ngazi unataka akuite aje? Umekuja kufundisha nini, na mtu akikwama akutafute wapi, siku gani? Na ni kitu gani umeshaona hapa Nairobi ungependa mtu akueleze? Hilo la tatu ndilo lilifungua watu. Wa India aliuliza kwa nini makanga hupiga bodi ya matatu kofi mbili. Wa Kamerun akasema anataka mtu ampeleke sokoni amwonyeshe terere na managu, kwa sababu ameona mboga inafanana na ya kwao na hajui kuiitisha.

Nikamwomba kila mmoja ataje jina lake mara tatu nikirekodi kwa simu. Alafu nikakaa jioni na hizo rekodi nikaandika matamshi kwa Kiswahili, na hapa nataka niseme wazi, Kiswahili ni zawadi kwa hii kazi. Sisi tunasoma vile imeandikwa. Ukimpa mwanafunzi jina la Kichina linaloanza na X atasema "eksi", lakini ukimwandikia "sh" anakuwa karibu sana na ukweli, mwalimu anageuka anajua ameitwa. Nilinunua kadi ngumu pale mjini, nusu ukurasa, juu nikaandika jina vile mwenyewe analiandika, chini yake silabi kwa kalamu nyekundu, na mshale mahali sauti inapanda.

Kitu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nilitaka kila mwalimu atambulishwe na mwanafunzi wa darasa lake mwenyewe, si na mkubwa. Kwa mkutano nikaulizwa protokali itakuwaje. Nikasema mkubwa atafungua kwa dakika tano na atafunga, na katikati tunawaachia vijana. Ilizunguka wiki mbili hiyo maneno. Nashukuru katibu wetu mmoja mzee, amekaa chuoni miaka mingi kuliko sisi wote, alisema tu, "Mtoto ndiye atakaa na huyu mwalimu muhula mzima, mwacheni ampokee." Ikapita.

Pia kuna mambo ya saa, na hii naiandika kwa urefu kwa sababu inawapata wageni wengi hapa na hakuna mtu huwaambia. Yule profesa wa Ujerumani, wa uhandisi wa maji, wiki yake ya kwanza alimuuliza askari wa getini darasa linaanza lini, askari kwa roho safi akamwambia saa mbili. Akaja saa mbili yake, yaani saa nane mchana, amebeba laptopu na ramani za mabomba, akapata darasa tupu, na wanafunzi sitini walikuwa wamemngoja asubuhi wakaenda. Alilia, sitaficha, alidhani wamemkataa. Kwa hivyo saa hii kila mgeni akifika namchorea saa kwa karatasi, namwonyesha sisi tunahesabu kutoka asubuhi jua likitoka, ratiba imeandikwa 8:00 lakini mdomo utasema saa mbili.

Siku yenyewe ikafika. Nilikuwa nimeomba dakika tatu za kusema neno kabla ya vijana, nikazitumia kwa historia, maana nilitaka ile habari ya "majirani" iishe. Nikawaambia kutoka 1963 hadi 1970 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mtu wa Kampala akifundisha Nairobi hakuitwa wa nje wala hakusahauliwa. Nikawaambia Okot p'Bitek, yule mshairi wa Gulu, alifundisha hapa Nairobi miaka ya 1970, na msomi wetu wa Mombasa, Ali Mazrui, alifundisha Makerere kabla ya kwenda Marekani, kwa hivyo sisi pia tumewahi kuwa wageni kwa ukumbi wa watu. Na nikawaambia ile ya Wangari Maathai. 1966 alirudi kutoka Marekani na barua ya kazi ya zoolojia, akafika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Aliyemchukua ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann wa Giessen, aliyekuwa anaanzisha idara ya anatomia ya mifugo hapa, na kwa hiyo idara ndio akaja kupata uzamivu wake 1971. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Yule mama wa Gulu, wakati huu kiti cha mbele, nilimwona ametoa miwani anaipangusa na kona ya leso.

Kijana wa kumtambulisha mwalimu wa Ethiopia alikuwa mwaka wa tatu, anatoka Githurai. Nilimkuta kwa ngazi kabla hatujaingia, ameshika kadi na mikono miwili, anarudia zile silabi chini chini kama mtu anakariri namba ya M-Pesa asikosee, na wino mwekundu umeshaanza kumshika kidole gumba kwa jasho. Akapanda. Hakusoma digrii ata moja. Alisema, "Huyu anatufundisha udongo. Wiki jana alitupeleka nyuma ya hosteli akachimba shimo, akatuonyesha kwa nini ukuta wetu unapasuka kila mvua ikinyesha, ni udongo mweusi, ukilowa unavimba, ukikauka unajikunja. Ukitaka kumpata ni Jumanne na Alhamisi baada ya chakula." Alafu akataja jina. La kwanza. Vizuri kabisa, na ule mkazo wake.

Mwalimu akasimama, akachukua maiki, akauliza kwa Kiswahili, "Saa hii ni saa ngapi?" Ukumbi wote ukajibu saa nne! Akasema, "Na kwetu pia ni saa nne." Maanake Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kutoka asubuhi, sijui kama kuna mtu pale alikuwa anajua. Wanafunzi walisimama. Makofi yale hayakuwa ya heshima tu, walikuwa wamefurahi kweli, kama wamekutana na binamu ambaye hawakuambiwa yuko. Mjerumani wetu wa mabomba alikuwa mstari wa pili anacheka huku anajipangusa macho, nikajua naye anakumbuka ile siku yake ya saa mbili.

Yote saba ikaisha kwa dakika thelathini na tano. Chai ilikuwa bado moto.

Zile kadi bado ninazo kwa droo, na walimu wengine wa idara wamekuja kuzikopa kabla ya mikutano, jambo ambalo sikulitegemea. Mwanafunzi mmoja wa Kichina cha mwaka wa kwanza alinieleza kwa Wachina mwalimu huitwa kwa jina la ukoo alafu laoshi, yaani mwalimu, nikaiongeza kwa kadi ya yule wa Uchina. Januari tunapokea wengine watatu, wawili nimeshaongea nao kwa simu, mmoja ni wa Rwanda na ameshanieleza kwamba yeye na ndugu yake hawashiriki jina, nisishangae nikiona fomu ya mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura.

Kibao cha mlango wa mwalimu wa Ethiopia ndicho kimebaki. Kiliondolewa, lakini kipya kimekwama mahali, kwa sasa kuna karatasi niliyoandika kwa mkono na kubandika na selotepu. Fundi ameniambia Ijumaa.