Pauni 8.50 kwa barafu na majani mawili ya nanaa

Ijumaa nilitoka na wenzangu wa kazini hapa Birmingham, nikaagiza mojito, ile kokteli ya ramu, ndimu na nanaa, ila isiyo na kilevi. Bili ikaja: pauni 8.50. Zao zenye ramu zilikuwa pauni 10. Glasi yangu ilijaa barafu mpaka juu, soda ya limau ya chupa kubwa, na majani mawili ya nanaa yaliyonyauka. Ramu haimo, ushuru wa pombe haumo, ndimu yenyewe kipande kimoja cha pambo. Ibadili hela hiyo kwa shilingi uone kama hupati kreti ya soda na chenji juu.

Hela inauma, ila dharau inauma zaidi. Asiyekunywa pombe anahesabiwa mtoto: mpe sukari atulie. Kokteli ina ukali unaoshuka kooni, ina uchachu, ina ukakasi. Ukitoa kilevi usiweke kitu mahali pake, unamnywesha mtu shira ya kaimati.

Kwangu mojito naitengeneza kwa chai. Nachemsha majani ya chai, ya Usambara nikiletewa, pamoja na kipande cha tangawizi mpaka ikolee, naiacha ipoe kabisa. Vijiko viwili vikubwa vya chai hiyo vinashika nafasi ya ramu, maana ukakasi wake unakausha ulimi vizuri. Shira iwe nyepesi, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji. Majani ya nanaa kama kumi nayabonyeza taratibu kwa mchi, yatoe harufu tu. Ukiyaponda yanaleta uchungu. Ndimu moja nzima, barafu, maji ya gesi. Nanaa na ndimu nafuata Sparkhill kwenye maduka ya Wapakistani. Kule unapewa fungu zima, wakati supamaketi kwa bei hiyohiyo unapata kikasha chenye vijiti vinne.

Moscow Mule, kokteli ya vodka, tangawizi na ndimu, ni rahisi zaidi, kwa sababu vodka haina ladha kubwa ya kukosekana. Ikune tangawizi mbichi, kamua maji yake, tia ndimu, malizia na soda ya tangawizi. Waliokulia kwenye Stoney wanajua ule mwasho ninaousema. Na hiyo piña colada, kinywaji rasmi cha Puerto Rico tangu 1978, ukiitoa ramu ni nanasi na tui zito! Mimi mtu wa Tanga niuziwe nanasi na tui kwa bei ya baa? Tia chembe ya chumvi tu, ladha ya nazi inasimama.

Wadogo zangu mnaopanga kuja, Ijumaa mtaitwa baa. Nendeni. Habari za nafasi za kazi mara nyingi zinasikika pale kabla ya tangazo. Ila mjue kwamba hapa watu hununuliana kwa zamu, na usipokunywa pombe zamu yako inakufikia vilevile, kwa hiyo hela ya akiba iwemo mfukoni. Someni pia maandishi ya chupa. Bia inayouzwa kama haina kilevi inaweza kuwa na asilimia 0.5. Soda nyingine za tangawizi ni pombe kamili. Yale matone machungu ya viungo, ya Angostura, wanayodondoshea juu yana asilimia 44.7, na wahudumu wengi hawaoni kama hayo yanahesabika. Muulize kabla hajachanganya, na akikunja uso muulize tena.