Na mjakazi wako naye apumzike

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimechoka, niseme tu ukweli. Tunafunga hesabu za mwezi na grupu la kazini halilali, saa nne usiku inaingia meseji "hiyo ripoti naiomba asubuhi" na sisi tunajibu "sawa mkuu" huku tunageuza ugali. Juzi nilipiga magoti niombe kidogo, kushtuka ni alfajiri, shavu lote lina alama za mkeka.

Nikakimbilia kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Mtu kalala chini ya mti wa mretemu anaomba afe, na malaika wala hakumkemea kwamba imani yako ndogo, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena. Ila kilichonishika zaidi ni Kumbukumbu la Torati 5:14.

Hii amri ya sabato tumezoea kuihubiri kama habari ya kwenda ibadani, lakini hebu angalia anaambiwa nani. Anaambiwa mwenye nyumba, mwenye mashamba, kwamba apumzike ili mtumwa wake na mjakazi wake wapumzike vilevile kama yeye. Mpaka punda katajwa jamani! Na mstari wa 15 anakumbushwa alivyokuwa mtumwa Misri, kwa yule Farao ambaye watu wakilia kazi imezidi anawajibu nyie ni wavivu.

Sasa nyie mabosi wa viti vya mbele mnisamehe. Sheria ya kazi hapa Tanzania, ile ya 2004, inasema saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, wewe uliyeokoka unamwambia mtu subiri kwanza mradi uishe, mwaka wa pili huu! Akianza kukosea hesabu na kununa unamwitia kikao cha nidhamu, halafu unaleta jina lake kwenye maombi eti ana roho ya uvivu. Huyo kachoka mpendwa. Msainie likizo yake aende, na akiwa huko usimpigie kumuuliza faili liko wapi.

Na dada wa nyumbani je? Sisi tuko ibada ya pili tumeinua mikono, yeye kaachiwa watoto, beseni la nguo na chakula cha wageni. Jumapili hii mpeni nauli aende kanisani kwao au akapige tu stori na wenzake, wali tutapika wenyewe.