Mate ya asubuhi

Mwaka ule nilikuwa nakusanya mate ya wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja mjini Tanga. Utafiti wenyewe ulihusu balehe. Kila mtoto alitakiwa kujaza vichupa viwili, kimoja cha homoni, kingine cha vinasaba. Tuliwahi kabla ya masomo, kwa kuwa testosteroni, homoni kuu ya kiume, huwa juu asubuhi kisha hushuka. Mate ya saa mbili asubuhi huwezi kuyalinganisha na ya saa nane mchana.

Mtoto huinamisha kichwa, akaacha mate yajikusanye mdomoni, kisha akayasukuma kidogo kidogo kwenye mrija. Makohozi hayatakiwi. Waliokaukiwa na mate niliwaambia wafikirie embe bichi la chumvi na pilipili, na kichupa kikajaa upesi.

Siku hiyo vichupa vya kwanza vilitoka vyekundu. Nikashtuka. Damu ya fizi ikiingia humo kipimo cha testosteroni kimeharibika, maana damu inayo nyingi mno kuliko mate. Nikamwambia mvulana mmoja atoe ulimi: mwekundu mpaka kooni. Ubuyu! Muuzaji alikuwa kajikalia zake getini. Nikawasukutulisha wote maji, tukasubiri.

Katika kusubiri, mama mmoja aliyekuja kusaini fomu akanivuta pembeni.

"Dada, hivyo vinasaba si vitaonyesha baba yake ni nani?"

Nikamweleza kwamba tunatazama jeni zinazohusiana na umri wa kubalehe, kama LIN28B, kichupa kina namba tu, na mate ya baba hatuna.

"Lakini mkiyapata, mnaweza?"

Nikasema ndiyo, kitaalamu inawezekana. Sikuona sababu ya kumdanganya.

Kamati ya maadili ilikuwa imetaka saini mbili tofauti, na wenzangu walilalamika sana kuhusu wingi wa makaratasi. Mama yule alisaini ya homoni. Ya vinasaba akaiacha wazi, akaniaga.

Zamu ya mwanawe ilipofika, akauliza mbona yeye kapewa kichupa kimoja.

"Mama yako kaamua hivyo."

"Sasa hiki kitasema sauti yangu itakuwa nzito lini?"

"Hapana. Kitasema tu testosteroni yako ya leo asubuhi ni kiasi gani."

Akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji, akainamisha kichwa.